Usizisage Punje

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanangu Sisimizi, na magoti yako yamekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, ila mafua hayaniachi. Chumba ninachofanyia kazi kina joto, nje kuna baridi, basi mwili haujui ushike lipi.

Habari kubwa ya huku ni kwamba wamenitoa kwenye kufunga maboksi na kunipeleka kwenye mashine ya kupaka ganda. Nikwambie ilivyo, maana najua utaniuliza. Ni pipa refu la chuma lenye dirisha dogo la kioo. Ndani kuna punje za dawa, ndogo kama ulezi, zinarushwa juu na upepo wa moto mpaka zinaelea, na huku kibomba kinazipulizia ganda jembamba, tabaka juu ya tabaka. Kazi yangu ni kuchungulia pale kiooni na kuhakikisha hazishikani. Zikishikana ni kama ugomvi wa ndugu, kuzitenganisha ni shughuli.

Ganda lenyewe kazi yake ni kuivusha dawa tumboni. Tumboni kuna asidi kali, na dawa nyingine zikipita mle zikiwa uchi zinafia njiani. Zikiwa na ganda zinavuka salama, zinafika kwenye utumbo, na huko ndiko ganda linayeyuka na dawa inaanza kazi. Juzi nimeambiwa kwamba dawa ya Sisimizi, ingawa haitengenezwi hapa, ni ya namna hiyohiyo. Vile vimeng'enya anavyokunywa ili vimsagie chakula, kwa kuwa kongosho lake limegoma tangu azaliwe, navyo ni punje zenye ganda ndani ya kapsuli.

Nimefurahi kujua, halafu nikajiuliza: unampaje siku hizi? Na kliniki wanasemaje kuhusu uzito wake?

Nisalimie huyo mke mwenzako. Mwambie baba anauliza kama meno yameota.

Mkweo


19 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, nimesomewa mara moja na kujisomea mara mbili. Sisi hatujambo. Magoti ni yaleyale, lakini nikishafika jikoni shuleni na kuwasha moto, yananyamaza. Simu uliyoniletea iko kabatini, usiipigie. Masikio haya siku hizi ni mapambo tu, wewe unasema hivi, mimi nasikia vile, halafu tunaagana kwa kugombana. Endelea kuniandikia.

Pole na mafua. Hiyo mashine yako nimeielewa. Ni kama kukaanga karanga za sukari, ila hapo hakuna wa kuonja.

Kuhusu uzito, sitakuficha. Mwezi huu ameshuka tena. Anakula kama mpasua kuni, lakini chakula kinapita tu. Choo chake (samahani mkwe, sipendi kukutajia, lakini wewe ni baba yake) kinaelea, kina mafuta, na harufu yake inafika kwa jirani. Shuleni anatoka darasani kila mara na wenzake wameanza kumtania. Miguu imekuwa vijiti. Muuguzi aliniuliza kama nampa dawa, nikamwambia kila mlo, sijaruka hata mmoja. Na ni kweli.

Unauliza nampaje. Tangu alipopaliwa na ile kapsuli, macho yakamtoka nikadhani namzika, sijampa tena nzima. Naifungua, namwaga zile punje kwenye kijiko, nazisaga kwa mgongo wa kijiko kingine mpaka ziwe unga, nakoroga kwenye uji wa moto wenye maziwa. Anakunywa mpaka tone la mwisho. Hata chembe haipotei.

Jino moja la mbele limeota, limekaa upande. Anasema ni lako.

Mama mkwe wako


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Naandika nikiwa nimesimama, zamu yangu inaanza sasa hivi.

Tafadhali acha kuzisaga. Acha leo hiihii, hata kabla hujamaliza kuisoma barua. Mama, ganda ndilo linaloifanya ile iwe dawa. Ukizisaga umezivua nguo kabla hazijaanza safari, zikifika tumboni zinaunguzwa na asidi, na huko kwenye utumbo hakifiki kitu. Na uji wa moto nao, pamoja na yale maziwa, unalilainisha ganda mlemle bakulini. Hapa kwetu punje zikitoka kwenye mashine tunaziloweka kwenye asidi kama ya tumbo, kwa muda mrefu tu, na zikipasuka tunatupa pipa zima. Pipa zima, Mama! Kwa sababu hazina faida kwa mtu.

Miezi yote hii mtoto amekuwa anakunywa unga usio na kazi. Dawa ilikuwa nzima, ukaiua kwa kijiko.

Mpe hivi: fungua kapsuli, mwagia punje zikiwa nzima kwenye tunda lililopondwa, la baridi, lenye uchachu kidogo, kijiko kimoja tu. Ameze bila kutafuna, halafu anywe maji. Kama huniamini, chukua punje kidogo uweke kwenye siki, nyingine kwenye maji yenye magadi, uone. Siki ni kama tumbo, magadi ni kama utumbo.

Nijibu haraka.

Mkweo


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi mzima, mafua yameisha.

Sijapata jibu lako. Labda posta. Naomba tu uniambie kama umeacha kusaga, na kama amepimwa. Hata mstari mmoja unatosha. Mwalimu wake anaweza kukuandikia.

Mkweo


11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimesubiri vya kutosha. Kama nimekukosea katika maneno ungeniambia, lakini kuninyamazia wakati mtoto wangu anakwisha, hilo siliwezi. Kila nikichungulia kwenye kile kioo nazitazama punje na kumwona yeye. Msimamizi ameniambia mara mbili kwamba niko kazini kwa mwili tu.

Kwa hiyo nimeamua. Shule zikifungwa nitakuja kumchukua Sisimizi aje aishi na mimi.

Kuna jambo lingine ambalo nilitaka kukwambia uso kwa uso, lakini mambo yamefika hapa. Nataka kuoa. Ni mwanamke mwenye heshima zake, fundi wa friji, karakana yake iko chumba cha mbele cha nyumba anayopanga, kwa hiyo mchana kutwa yuko nyumbani. Nikiwa zamuni atakuwapo wa kumpa mtoto dawa kwa utaratibu unaotakiwa. Sisimizi atakuwa na mama.

Sina ugomvi na wewe. Umemlea na nashukuru.

Mkweo


12 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba ya barua zote mbili, ya mwezi wa pili na ile fupi ya mwezi wa tatu. Sisi wazima. Naomba ukae chini ndipo usome, maana wewe ukisoma umesimama unaandika umesimama.

Nimekawia kwa makusudi. Ile ya kijiko ilinikaa kooni. Nimelisha watoto wa shule hii tangu walimu wao wakiwa wanafunzi, na mtu ananiambia nimeua kwa kijiko! Niliikunja barua nikaiweka chini ya kopo la chumvi, nikasema huyu namjibu siku nitakayokuwa na la kumjibu.

Lakini kusaga niliacha siku hiyohiyo. Sikutaka kukupa raha ya kujua.

Kesho yake nikachukua kapsuli moja nikaenda nayo jikoni. Nikapanga vikombe vitatu: cha siki, cha maji ya magadi, na cha tatu nikatia uji wa moto wenye maziwa, ule ninaompikia yeye. Mpishi mwenzangu akanitazama, akaniuliza, "Shoga, unamroga nani?" Nikamwambia namroga mkwe wangu. Tukaendelea kumenya vitunguu. Niliporudi kuchungulia, za siki ziko vilevile, zimekaa chini ya kikombe zinanitazama. Za magadi zimevurugika, zimekuwa tope. Za kwenye uji nikazitafuta kwa kijiko, nikazikuta zimelainika, ukizigusa zinapakaa kama jivu bichi.

Nilikaa juu ya gunia la mchele mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa namfikiria marehemu binti yangu. Alipokuwa hoi aliniambia, "Mama, huyu mlishe." Hakusema jambo lingine lolote. Na mimi nikamlisha kwelikweli, maana kulisha nakujua.

Basi, tumeanza upya. Napondaponda embe, lile lenye uchachu, naliacha lipoe, natia punje kijiko kimoja. Shida ilikuwa kutafuna. Hata maji yeye anayatafuna. Nikamwambia, "Punje zimelala. Ukizigusa kwa meno zinaamka zinakimbia." Siku ya kwanza tulifanya kwa embe tupu, siku ya pili kwa punje mbili tatu, kila siku tukiongeza kidogo. Sasa akimeza anafumba macho na kunyoosha shingo kama bata, halafu ananinong'oneza, "Hazikuamka." Ananinong'oneza mimi kiziwi! Inabidi nimtazame midomo.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka apimwe kwanza. Leo tumetoka kliniki. Amepanda kilo moja na nusu. Muuguzi alimpima mara ya pili akidhani mizani imekosea. Choo kimekuwa cha binadamu. Darasani sasa anakaa kipindi chote, na jana amempiga mtu ngumi, nimemkemea huku moyoni nashangilia.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naisubiri. Ulikuwa sahihi, mkwe. Ila ungeweza kuwa sahihi kwa adabu.

Mama mkwe wako


19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Barua yako imenifikia nikiwa nimeshaituma yangu. Nilikimbia posta kuuliza kama inaweza kurudishwa. Yule wa dirishani akaniuliza kama nadhani gari la barua ni taksi.

Najua umeshaisoma. Sitajifanya sikuandika nilichoandika. Kuhusu kijiko, na kuhusu kukwambia mtoto "atakuwa na mama", kama vile miaka hii amekuwa akilelewa na ukuta, sina cha kujitetea. Nilikuwa na hofu, na nikiwa na hofu naongea kama msimamizi. Naomba radhi, Mama.

Habari ya kuoa ni ya kweli. Nilipoipata barua yako nilimsomea mwenzangu, akacheka sana kwenye bata. Halafu akaniuliza, "Na wewe ulimwandikia nini?" Nikamweleza. Akasukuma sahani kando. "Kwa hiyo mimi hanijui, hajaniona, na ananisikia kwa mara ya kwanza kama mtu anayekuja kumnyang'anya mtoto?" Nikasema sikumaanisha hivyo. Akasema, "Umenifanya spana ya kumgongea mama wa watu." Tangu hapo ananipa salamu za juu juu, na chai kila mtu anachemsha yake.

Sitakuja kumchukua. Nitakuja ukiniita. Kilo moja na nusu nimemwambia kila mtu kiwandani, mpaka mlinzi wa getini ananiuliza leo kafika ngapi.

Mkweo


14 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini mko wazima.

Sikulalamikii kwa kukaa kimya. Safari hii ni haki yako. Nakuandikia tu usije ukadhani nimekasirika tena.

Kazi inaendelea. Juma lililopita ganda lilitoka jembamba, punje zikapasuka kwenye kipimo, tukatupa pipa zima. Wenzangu walilalamika. Mimi niliziona zikimwagwa nikasema heri zife hapa, kuliko kumfikia bibi mmoja mahali fulani akampa mjukuu wake kwa uangalifu wote, na zisifae kitu.

Mwambie Sisimizi baba anamsalimia.

Mkweo


2 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua zako nimezipata zote, na ile ya tarehe kumi na moja nimeipata. Sisi wazima. Mtoto amepanda tena, kidogo, muuguzi anasema hivyohivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nilikuwa sijibu kwa sababu kila nikishika kalamu naandika matusi. Si kwa sababu unaoa. Wewe ni kijana, na binti yangu mwenyewe asingependa uzeeke ukijichemshia chai. Kilichoniumiza ni kwamba ulinipa habari ya ndoa na habari ya kumchukua mtoto katika karatasi moja, kama mtu anayehamisha kabati. Hilo nimelisema, sitalirudia.

Sasa sikiliza. Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikakuta mwanamke amekaa kwenye kizingiti changu na kisanduku cha vifaa. Nikadhani ni wa umeme. Akasimama, akanishika mikono yote miwili, akasema shikamoo kwa sauti ya kuniwezesha kusikia, nikaipokea. Akasema jina lake na anakotoka. Hapo nikajua. Na wewe najua alikuaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake, usimgombeze.

Nikamwambia apite ndani. Tukakaa. Akawa anaitazama friji yangu. Halafu akaniuliza, "Mama, hii inanguruma hivi tangu lini?" Nikamwambia sijawahi kuisikia. Akaangua kicheko, halafu akajiziba mdomo, na mimi nikacheka. Akaivuta kutoka ukutani, akafungua nyuma, akatoa vumbi ambalo ningeweza kujazia mto. Nilimwacha afanye. Mtu akishughulika unamwona vizuri.

Sisimizi akarudi kutoka kucheza, akasimama mlangoni akimtazama.

"Wewe nani?"

"Mimi fundi wa friji."

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi unaondoka?"

Yule dada akanitazama mimi. Spana ilikuwa bado mkononi. Nikasema, "Atakula kwanza."

Wakati wa chakula akaniomba yeye ampe dawa. Akasema ulimweleza. Nikamwachia, nikakaa kando, na nikwambie ukweli, nilikuwa nataka akosee. Akafungua kapsuli vizuri, hakumwaga hata punje. Halafu akalivuta bakuli la uji, uji wa moto unafuka moshi, akapeleka mkono juu yake. Mkwe, hapo ningeweza kukaa kimya. Ningekuandikia leo barua ya namna nyingine kabisa.

Nikamshika mkono. Nikamshika kwa nguvu, mpaka akashtuka.

"Nimekosea wapi, Mama?"

"Uji utalivua ganda. Vuta lile la embe. Sasa mwaga, usikoroge sana. Zikae zimelala."

Nikaushikilia mkono wake mpaka kijiko kikafika. Sisimizi akafumba macho, akanyoosha shingo, akameza, akanywa maji. Kisha akamfungulia mdomo, yeye, si mimi, akamwonyesha chini ya ulimi na nyuma ya lile jino la upande, ahakikishe hakuna iliyobaki.

Kuhusu mtoto, mimi nasema hivi. Haendi kwa kuchukuliwa. Shule zikifungwa nitamleta mwenyewe, nikae nanyi, nione mnavyoishi na jiko lenu linavyowaka. Likizo ikiisha tutamuuliza yeye, na wewe na mimi tutaukubali mdomo wake. Ukiona hilo haliwezekani, njoo uniambie, usiniandikie.

Mwenzako bado yuko hapa. Alitaka kuondoka Ijumaa nikamkatalia. Leo wameenda pamoja kwa mpishi mwenzangu, ambaye naye ana friji. Nimemwambia akae mpaka mtoto apate mafua, maana akiwa na mafua hamezi sawasawa, na hapo kuna namna ya kumpa ambayo lazima aione kwa macho.

Mama yenu